Ikwalaiza kwa taarab: kuanzia chumba cha Mji Mkongwe hadi faili la mwisho

Ikwalaiza hupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti na kuziacha nyingine kama zilivyo. Sehemu hizo hupimwa kwa hezi (Hz), yaani mitetemo kwa sekunde, na sikio zima la kijana husikia takriban kuanzia Hz 20 hadi Hz 20,000. Noti moja ya udi haina mtetemo mmoja tu. Uzi uliotiwa noti ya Sol ya chini hutoa Hz 98, na juu yake hupanda 196, 294, 392 na kuendelea, kila mmoja kwa nguvu yake. Mitetemo hiyo ya juu huitwa haramoni, na uwiano wa nguvu zake ndio unaokujulisha kuwa huu ni udi na ile ni kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa) hata zikipiga noti ile ile. Ukishusha haramoni moja na kupandisha nyingine, noti inabaki pale pale lakini rangi yake imebadilika.

Mpaka wa kifaa hiki ni kwamba kinagawa upya kilichonaswa tu. Tazama sahani za santuri alizorekodi mwimbaji wa taarab Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Mitambo ya wakati ule haikunasa mengi juu ya Hz 5,000 au 6,000. Anayeihamishia sahani ya enzi hizo kwenye kompyuta, kisha akapandisha Hz 10,000 ili sauti "ing'are", anapandisha mikwaruzo ya sindano peke yake. Na maiki ya leo iliyowekwa vibaya ni hivyo hivyo: kisichoingia hakitoki.

Taarab ina ugumu wake. Katika bendi ya dansi besi inakaa chini, gita kati, na kila mtu ana eneo lake. Katika taarab fidla, kanuni, udi, akodiani na nai (filimbi ya mwanzi) zinakwenda na lahani moja, mara nyingi katika oktava moja au mbili (kila oktava ni mitetemo kuzidishwa mara mbili), kila moja ikiipamba kwa namna yake, na mwimbaji yumo humo humo. Huwezi kuzitenganisha kwa kuzigawia noti, maana zote zina haki ya noti ile ile. Unachoweza kugawa ni haramoni: huyu apewe nafasi kidogo kwenye Hz 3,000, yule kwenye Hz 6,000. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo.

Chumba kwanza

Vyumba vingi vya nyumba za kale za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Sababu ni boriti: miti ya mikoko inayobeba dari haina urefu wa kuvuka nafasi kubwa, kwa hivyo upana wa chumba hubakia kama mita 2.5 hadi 3. Kuta ni za mawe na chokaa, nene, na zinarudisha sauti bila huruma. Chumba cha namna hiyo kina noti zake chenyewe, na unaweza kuzijua kabla hata maiki haijachomekwa.

Pima kutoka ukuta hadi ukuta, zidisha mara mbili, kisha gawa kasi ya sauti kwa jumla hiyo. Kwenye joto la nyuzi 30 kasi ya sauti ni takriban mita 349 kwa sekunde. Tuseme chumba kina upana wa mita 2.8, urefu wa mita 7 na kimo cha mita 3.5. Upana unatoa 349 ÷ 5.6, yaani Hz 62, na marudufu yake 125 na 187. Urefu unatoa 25, 50, 75, 100, 125. Kimo kinatoa 50 na 100. Utaona kuwa 50, 100 na 125 zimerudi zaidi ya mara moja. Hapo chumba kitavuma. Ile Sol ya udi ya Hz 98 imeangukia karibu kabisa na 100, kwa hivyo kila mpigaji akiugusa uzi huo sauti itafura na kuchelewa kufa, na noti za jirani zitaonekana nyembamba. Mpigaji hana kosa na udi hauna kosa.

Tiba ya kwanza ni kuhama. Usimweke mpigaji katikati kabisa ya chumba, wala kwenye pembe. Jaribu theluthi moja ya urefu, ambako mivumo mingi ya chumba inakuwa nusu ya nguvu yake. Magodoro mazito yakisimamishwa sentimita 20 mbali na ukuta husaidia kuliko yakiegemezwa ukutani. Mikeka na mapazia mepesi hupunguza mwangwi wa juu peke yake, kuanzia kama Hz 2,000. Chumba kilichozungushiwa mikeka tu huwa kizito: sauti za juu zimekufa, besi imebaki inazunguka. Watu wengi huishia hapo, kisha wanapambana na "sauti ya ndani ya mtungi" kwa ikwalaiza usiku kucha. Ikwalaiza inashusha nguvu ya Hz 100, lakini mkia wa mwangwi unabaki na urefu ule ule.

Umeme wetu ni wa Hz 50, na waya mbovu au ardhi isiyoungwa vizuri huleta mvumo wa 50, 100 na 150. Mvumo huo utibiwe kwenye waya. Ukiukata Hz 100 kwa ikwalaiza umeikata na Sol ya udi pamoja nao. Feni izimwe wakati wa kurekodi. Kunguru hawana kichujio: mlio wao umo ndani ya masafa yale yale ya sauti ya mtu na fidla, kwa hivyo subiri watulie, au rudia ubeti. Mvua juu ya mabati ni hivyo hivyo.

Maiki

Umbali wa maiki ni ikwalaiza ya kwanza, na ndiyo nzuri kuliko zote kwa sababu haiharibu kitu. Maiki inayosikia upande mmoja ikisogezwa karibu na mdomo hujaza besi chini ya Hz 200. Mwimbaji wa taarab anayetoka minong'ono hadi kupaza sauti akae sentimita 20 hadi 25, na asogee nyuma kidogo anapopaza. Kwa udi, weka maiki sentimita 30, ielekee pale shingo inapokutana na kiwiliwili. Ukiielekeza kwenye tundu kubwa utanasa pumzi ya besi na kupoteza mlio wa risha (kijiti cha kuchapia nyuzi). Kanuni ichukuliwe kutoka juu, sentimita 40 hadi 50. Fidla inataka nafasi: sentimita 60 hadi mita moja, juu ya mpigaji, maana karibu sana utasikia upinde ukisugua na huusikii mti.

Angalia pia meza, kinara cha noti na sakafu ya saruji. Sauti inayogonga hapo na kuifikia maiki ikiwa imesafiri sentimita 50 zaidi ya ile ya moja kwa moja huja kinyume nayo na kutoboa mashimo kwenye Hz 349, 1,047, 1,745 na kuendelea. Dalili yake ni sauti yenye kama bomba ndani. Shimo la namna hiyo halijazwi kwa ikwalaiza: kila ukipandisha Hz 349, unapandisha sauti na adui yake kwa pamoja. Sogeza maiki kiganja kimoja, au tandika blanketi juu ya meza.

Rekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, vilele vikifika kati ya dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti) -12 na -10. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haina dawa.

Maumbo manne yanatosha

Ikwalaiza ya vijiti, ile yenye safu ya 31.5, 63, 125, 250 hadi 16,000, inafaa ukumbini. Kwa kurekodi tumia yenye kuchagua masafa mwenyewe. ReaEQ iliyomo ndani ya REAPER inatosha kabisa, na Audacity ni ya bure na inakuruhusu kuchora mkunjo wako.

Kichujio cha kukata besi huondoa kila kilicho chini ya alama uliyoweka. Shelfu hupandisha au kushusha kila kitu kuanzia alama fulani kwenda juu, au kwenda chini. Kengele hugusa eneo moja na kufifia pande zote mbili. Mkato mwembamba ni kengele iliyobanwa sana, ya kuondoa mlio mmoja sugu. Upana wa kengele huandikwa kwa herufi Q: Q ya 0.7 hufunika takriban oktava mbili, 1.4 oktava moja, na 4.3 theluthi ya oktava.

Kwa taarab shika sheria hii: ukishusha unaweza kubana, ukipandisha tanua. Kengele yenye Q kubwa iliyopandishwa huichukua noti moja na kuiacha noti ya pembeni. Katika maqam (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) kama Rast au Bayati, ambako mpigaji anaweka vidole baina ya noti za piano kwa makusudi, noti moja inayoruka kwa nguvu huvunja mwendo wote wa lahani. Ukipandisha, Q isizidi 1.

Sikio hudanganywa na sauti kubwa

Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Bell kule Marekani, walionyesha kuwa sikio husikia besi kidogo sauti inapokuwa ndogo, na besi hurudi kila sauti inapokua. Maana yake kwako ni mbili. Kwanza, chagua kiwango kimoja cha spika, kama cha mazungumzo yaliyochangamka, na ubaki nacho. Pili, ukipandisha eneo lolote kwa dB 3, ala nzima imekuwa na nguvu zaidi, na sikio litasema "imependeza" kabla hata hujajua kwa nini. Punguza kirungu (kitufe cha kuongeza na kupunguza) cha sauti inayotoka kwenye ikwalaiza mpaka sauti iwe sawa kwa ukubwa ikiwashwa na ikizimwa, ndipo ulinganishe. Anayeruka hatua hii hupandisha kila kitu, na mwisho wimbo unachosha kwenye ubeti wa pili.

Utaratibu wa kazi

1. Sikiliza wimbo mzima mara moja bila ya kugusa kitu. Andika kwa maneno yako: udi umefura, fidla zinachoma, maneno ya ubeti wa tatu hayasikiki. Usipoandika hutajua unatafuta nini.

2. Weka uwiano wa nguvu kwa vipandishi vya sauti peke yake. Nusu ya malalamiko uliyoandika itaondoka hapa.

3. Kata besi isiyo na kazi kwenye kila treki (rekodi ya kila ala peke yake). Fidla haina noti chini ya Sol yake ya Hz 196, kwa hivyo kila kilicho chini ya 150 ni miguu, magari na upepo. Kanuni ikate chini ya 80 au 90. Sauti ya mwanamke ikate chini ya 120, ya mwanamume chini ya 80. Udi angalia uzi wake wa chini: ukiwa ni Do ya Hz 65, kata chini ya 55, ukiwa ni Sol ya 98, kata chini ya 80. Selo nayo inaanzia 65, na besi kubwa 41; hizo usizikate kwa pupa. Inua kichujio polepole mpaka usikie ala inakonda, kisha rudi nyuma kidogo.

4. Tafuta kasoro uliyoiandika. Fungua kengele yenye Q ya 4, ipandishe dB 8, izungushe taratibu mpaka kasoro ipige kelele. Kisha ishushe iwe dB -2 hadi -4 na uitanue Q iwe 2. Usizungushe kengele kutafuta kasoro usiyoisikia: ukipandishwa dB 8 hata udi bora utasikika mbovu kila mahali, na utajikuta umekata mashimo manane.

5. Fanya maamuzi ala zote zikipiga pamoja. Ala ikisikilizwa peke yake itaomba besi na unene ambao kwenye kikundi ni mzigo. Fidla iliyosawazishwa vizuri ndani ya taarab huwa nyembamba ukiisikiliza pekee, na haina tatizo.

Ala kwa ala

Udi una sehemu tatu za kujua. Mfuro wa chumba uko kati ya Hz 95 na 130. Shusha dB 3 kwa Q ya 3. Kiwiliwili, ule mti unaosikika ukijibu, kiko 200 hadi 300, na hapo usiguse ila kwa sababu nzito. Risha inasikika 2,500 hadi 4,000. Udi uliozama pandisha hapo dB 2, Q ya 0.8, na utatokea mbele bila ya kuuongeza nguvu.

Kanuni tayari ina mng'ao. Ikigombana na risha ya udi, ishushe dB 2 kwenye 3,000 na uiachie shelfu ndogo ya dB 1.5 kuanzia 7,000. Hapo umezigawia haramoni, na masikio yatazifuata zote mbili.

Fidla moja ni rahisi. Fidla nne zilizorekodiwa pamoja hurundika ukali kati ya 2,500 na 3,500, mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi kuliko pote. Shusha dB 2 au 3, Q ya 1, kwenye treki ya pamoja ya fidla. Sauti ya puani iko karibu na 1,000. Akodiani hujaza 400 hadi 800 na kufunika udi na waimbaji kwa mpigo mmoja, na dB 3 kushuka hapo huwa haisikiki kama pengo. Husikika kama dirisha limefunguliwa.

Dumbak (ngoma ya kupigwa kwa mikono) ina "dum" kati ya 80 na 130 na "tak" kati ya 2,000 na 4,000. Rika (dafu ndogo yenye vitasa) inataka nafasi juu ya 6,000. Kwenye kidumbak, taarab ya kikundi kidogo, sanduku (besi iliyotengenezwa kwa sanduku la mbao) ndilo linalobeba besi, na mlio wake ni mfupi na wenye kishindo, kwa hivyo ukate dumbak chini ya 90 ili kishindo hicho kisafike.

Sauti ya mwimbaji

Taarab ni mashairi, na neno lisilosikika ni shairi lililopotea. Irabu zetu tano zinaishi chini: nguvu kubwa ya "a" iko kati ya Hz 700 na 1,300, na "i" inatambuliwa kwa mvumo wake wa pili ulio karibu na 2,300. Konsonanti ndizo ziko juu. "Sh" huanzia karibu na 2,000, na "s" huanzia 4,000 na kupita 8,000, lakini "th" na "f" ni dhaifu mno na utambulisho wao umetawanyika juu ya 5,000.

Mwimbaji akiwa na "s" inayochoma, wengi huvuta shelfu ya dB -6 kuanzia 5,000. Mwasho unaondoka, na "thamani" haitofautiki tena na "samani". Mwimbaji wa Unguja au Pemba ametamka "th" na "dh" kwa ulimi sahihi, na fundi ameifuta. Badala yake tafuta pale "s" inapochoma hasa, mara nyingi kati ya 6,000 na 7,500, shusha dB 3 kwa Q ya 3, kisha jaribu kwa maneno haya: thamani na samani, dhamana na zamani, fimbo na simba. Asiyeyaona mashairi yaliyoandikwa ayasikilize na akutajie alichosikia. Kama bado yanachanganyika, rudisha nusu ya ulichokata na mpunguzie nguvu kila "s" kwa mkono.

Uzito wa mdomo kukaa karibu na maiki uko 150 hadi 250. dB 2 au 3 kushuka hutosha. Ukungu uko 300 hadi 500.

Inabaki vita ya mwimbaji na fidla, maana fidla humfuata na kumjibu. Shusha fidla dB 2 kwenye 2,500, Q ya 1, katika beti peke yake. Kwenye bashraf (kipande cha ala tupu) ya mwanzo na kila ala zinaporudi peke yao, irudishe kamili. Programu za kurekodi huruhusu kuchora mstari wa kupandisha na kushusha kirungu kadiri ya wakati, na kazi hiyo ya dakika kumi hushinda kuikata fidla wimbo mzima. Msikilizaji hatajua kilichofanyika. Atasikia kwamba fidla zinampisha mwimbaji, kama zinavyompisha jukwaani.

Wimbo ukishakuwa mmoja

Juu ya wimbo mzima usizidi dB 1 au 2, kwa Q pana au shelfu. Ukijikuta unahitaji dB 5, kuna treki moja yenye kosa, irudie hiyo. Acha nafasi ya dB 6 juu ya kilele.

Jaribu kwenye simu, maana huko ndiko taarab nyingi inakosikilizwa. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya Hz 300 hivi, kwa hivyo Sol ya udi ya 98 haitoki kabisa. Sikio hukisia noti hiyo kutokana na haramoni zake za 294, 392 na 490. Udi ukipotea kwenye simu usipandishe besi. Pandisha dB 1.5 karibu na 400, na angalia kama akodiani imelikalia eneo hilo. Jaribu pia kwenye gari na kwenye hedifoni. Redio ya FM hubeba hadi Hz 15,000 tu, kwa hivyo mng'ao uliojengwa juu ya hapo hautafika kwa msikilizaji wa redio.

Ukimaliza, hifadhi mafaili ya aina mbili: wimbo uliosawazishwa, na treki mbichi zote zisizo na ikwalaiza hata moja, kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, kila moja ikiwa na jina la ala, la mpigaji na tarehe. MP3 itengenezwe mwisho, mara moja tu, kutoka kwenye WAV. Ukichukua MP3, ukaisawazisha, ukaihifadhi tena kuwa MP3, rika na "s" zitaanza kulia kama maji yanayopita kwenye mchanga, na hakuna kirungu kitakachozirudisha.